Mama Fundi Hakuamini Bahati

Ukimpelekea Mama Fundi suruali iliyopasuka, hakukuuliza imepasuka lini. Alikuuliza ulikuwa unafanya nini. Ukijibu, "Aa, Mama, imepasuka tu," alikurudishia suruali yako mkononi na kuendelea kukanyaga cherehani. Kwake hakuna kitu kilichopasuka tu. Ama ulichuchumaa vibaya, ama umenenepa na hutaki kukubali, ama aliyeishona mwanzo alikuwa mvivu akaacha mshono mwembamba. Ilibidi utaje sababu ndipo apokee kazi. Mimi nilikaa naye ukuta mmoja pale Rwekubo, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, miaka tisa, yeye barazani na cherehani yake, mimi kwenye kibanda changu cha kutengeneza na kuchaji simu, na nimeona wanaume wazima wakikiri mbele yake mambo ambayo hawajamwambia hata mchungaji.

Jina lake silitaji. Kibao chake kiliandikwa FUNDI, basi, na waliomfahamu tukaongeza Mama mbele. Na niseme mapema ili usije ukadai nilikuficha: huyu mama angeondoka Nakivale akaishi na binti yake wa pekee, aliye ng'ambo kwenye nchi ya baridi, na hakuondoka kwa sababu yangu. Sikumpiga wala sikumwibia. Nilisahau kitu kidogo, kisha nikasema uongo. Nitafika huko. Ila nikianzia hapo utamjua kama mtu aliyekosewa tu, na yeye alikuwa mtu mkubwa kuliko kosa langu.

Mkubwa, na mkali. Alikuwa na mikono mirefu yenye vumbi la chaki ya kushonea, na pini mdomoni, kwa hiyo nusu ya maneno yake yalitoka kwenye kona ya midomo. Hakusifia. Bibi harusi mmoja alilia mbele ya kioo akisema gauni linambana, na Mama Fundi akamwambia, "Gauni haina shida. Ni weye uliongeza mwili tangu nikupime. Kaa chini tuone fasi ya kufungulia." Alifungulia, akashona upya bila kinyongo, na kule harusini akacheza kuliko mama wa bwana harusi. Lakini pole hakumpa.

Sasa karata. Wengi wakisikia kwamba mama wa Kikongo wa kanisani, mjane, mwenye nywele nyeupe, alikuwa bingwa wa karata Mbarara, wanacheka au wanakunja uso. Karata zenyewe zilitoka kwenye mtumba. Alikuwa ananunua mjini mabegi ya shule yaliyoharibika zipu, anayatengeneza, anauza. Ndani ya begi moja akakuta mkebe wa bati, na ndani ya mkebe kulikuwa na karata nyingi ajabu, si hizi za kopa na shupaza ambazo watu huchezea barazani, bali zile zenye picha za wanyama wasiokuwapo duniani, kila moja na maandishi yake. Mtu mwingine angewapa watoto wachanechane. Yeye alizifuta moja moja kwa kitambaa chenye unyevu, akazipanga kwa rangi, akanijia. "Tekniseni, soma hapa. Inasema nini?"

Nilimsomea, na sikuelewa nilichosoma. Ndipo akazipeleka kwa Hajji.

Hajji ana duka mjini Mbarara, la vifungo, zipu, uzi, na upande wa pili wanasesere na vitu vya plastiki. Mama Fundi alikuwa mteja wake wa siku nyingi. Kumbe kila Jumamosi, chumba cha nyuma cha duka lile, wanafunzi wa chuo na vijana wa wafanyabiashara walikuwa wanakutana kucheza mchezo huohuo, na Hajji mwenyewe, na kanzu yake na miwani yake, alikuwa mchezaji sugu. Mama Fundi aliomba kiti, akakaa nyuma akitazama Jumamosi tatu bila kugusa karata. Jumamosi ya nne akaketi mezani akawapiga watano.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Kila mtu huja na fungu lake la karata sitini, alizozichagua mwenyewe kutoka kwenye zote alizonazo. Kuna karata za wanyama wanaopigana, na kuna karata za chakula. Mnyama asiye na chakula hawezi kupiga. Unachanganya, mpinzani wako anakata, unavuta saba, halafu kila zamu unavuta moja. Basi. Na hapo ndipo ugomvi unapoanzia: ukishinda, umeshinda kwa akili uliyopangia fungu lako, au kwa ile karata iliyokuja juu?

Hajji, aliyemwita nyabo, yaani mama kwa lugha ya huko, alikuwa na jibu lake moja. "Nyabo, Mungu iko nagawa. Sisi nashika tu."

"Mungu anagawa, sikatai," Mama Fundi alimjibu. "Lakini hii fungu nilishona miye."

Wakabishana hivyo miaka. Chai ya tangawizi ya Hajji inapoa, wanafunzi wanangoja, wao wanabishana. Hajji akipigwa alisema, "Banange, huyu mama iko na bahati sana!" na yeye alikasirika kikweli, maana kumwambia Mama Fundi ana bahati ilikuwa sawa na kumwambia kazi yake hakuifanya. Na kazi aliifanya. Niliiona kwa macho yangu pale barazani. Mchana wateja wakipungua, alitandika kipande cha kitenge juu ya meza ya kukatia, akachanganya fungu, akavuta saba, akatazama chakula kimekuja kingapi, akachora mstari kwa chaki. Akachanganya tena. Mara mia. Kisha akatoa karata mbili, akaingiza mbili nyingine, akaanza upya mara mia. Mimi nilimwambia atapata wazimu. Alinitazama juu ya miwani. "Weye ukikata kitambaa, unakata kwa bahati?"

Neno lake kubwa lilikuwa foti. Kwetu Kivu foti ni kosa, tumelichukua kwenye Kifaransa. Kila mchezo ukiisha, awe ameshinda au ameshindwa, alikusanya karata taratibu na kuuliza, "Foti iko wapi?" Hukuinuka mezani mpaka umeitaja. Mwanafunzi mmoja alilalamika kwamba amevuta wanyama tu, chakula hakikuja, ni mkosi. Mama Fundi akachukua fungu la kijana, akalifunua lote mezani. "Ona. Banyama mingi, chakula kidogo. Umezaa batoto kumi, umelima fasi moja. Na unasema mukosi?" Chumba kizima kiliangua kicheko, na yule kijana naye akacheka. Wiki iliyofuata alikuja na fungu jipya akamshinda Hajji.

Mimi nilijifunza mchezo kwake, kwa ubishi. Miaka mingi sikumshinda hata mara moja. Nilipanga mafungu ya kila namna, nikaiba mbinu za wanafunzi, na kila mara aliniuliza foti iko wapi, nami kila mara nilikuwa nayo. Sikufichi, ilikuwa inanikera. Nilitaka siku moja tu nimuulize yeye.

Usidhani alikuwa mashine. Huyu mama asiyeamini bahati alikuwa na mambo yake. Majina ya wanaoitwa na ofisi ya wakimbizi kwa ajili ya safari za ng'ambo hubandikwa kwenye ubao kule Base Camp, zilipo ofisi za kambi, na siku ya kwenda kusoma alivaa kitenge kilekile cha kijani, alisimama upande wa kushoto wa ubao, na alisoma orodha kuanzia chini kwenda juu. Nilimwambia, "Mama, na hii je?" Akasema ni utaratibu. Mkasi hakumpa mtu mkononi, aliuweka mezani ndipo uuchukue. Hiyo nayo alisema ni utaratibu. Nilimcheka sana, na alivumilia.

Halafu kulikuwa na samaki. Katika zile karata za kwenye mkebe kulikuwa na samaki mmoja wa bluu, mwenye macho makubwa, asiye na kazi yoyote. Hapigi, halindi, hali wala haliwi. Hakuna mchezaji mwenye akili angemweka kwenye fungu. Lakini binti yake, kabla hajaolewa na kusafiri na mumewe, ndiye aliyekuwa akimsaidia kufuta karata zile, na alimpenda samaki huyo, alisema anafanana na mjomba wao. Basi samaki akakaa kwenye fungu la Mama Fundi miaka yote, karata moja kati ya sitini. Hajji alimwambia, "Nyabo, toa hii kitu, nakuharibia." Nami nilimwambia. Alijibu, "Foti yangu ninaijua fasi iko. Sitaitoa."

Binti alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Mama Fundi alikuwa anaweka sauti ya juu, kwa hiyo sisi wa baraza ile tulijua yote: theluji, mumewe na kazi ya kiwandani, mtoto wa kwanza, mtoto wa pili, meno yametoka. Wale wajukuu hakuwahi kuwashika. Faili lake lilikuwa ofisini miaka sita, limepita hatua hii na ile, limebaki kuitwa mbele ya wageni wanaotoka kwenye nchi ile kuja kuhoji watu. Wageni hao huja mara moja moja, wanakaa siku chache, wanaondoka. Ukiitwa mbele yao hawangoji ubao, unaitwa kwa simu. Kila mkimbizi Nakivale analijua hili, ndiyo maana simu kwetu si ya mazungumzo tu. Mtu anaweza kulala njaa lakini simu yake iwake.

Na betri ya simu yake ilivimba.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Jumamosi ilikuwa na mashindano makubwa kwa Hajji, wachezaji walikuwa wanatoka mpaka Kabale, na Mama Fundi alikuwa anaondoka jioni ileile kwenda kulala kwa dada mmoja wa kanisani mjini. Betri imevimba mpaka kifuniko hakifungi. Nikamwambia, "Niachie, Mama. Betri ya aina hii sinayo, nitaipata kesho."

Akashika simu kifuani. "Na ofisi ikipiga?"

"Ofisi haipigi wikiendi."

"Unajua namna gani?"

"Mama, mimi na simu! Laini yako naitoa sasa hivi, naiweka kwenye simu yangu ya pili. Itawaka saa zote. Ikipigwa napokea, nakupigia kwa Hajji. Nenda."

Alifikiria. Sura aliyokuwa nayo ni ileile ya mezani, akitafuta karata gani haijatoka. Kisha akanipa simu, akachukua mkoba wake wa karata, akapanda basi dogo la Mbarara. Ninachotaka ukijue ni hiki: alicheza vizuri. Aliuliza alichopaswa kuuliza, akapata jibu la mtu wa fani, akaliamini. Hakuna foti hapo.

Mimi nilitoa betri, nikaweka simu yake kwenye droo. Laini nilisema nitaitoa baada ya kumaliza simu ya mteja aliyekuwa ananisubiri. Mteja akaleta maneno, nikachelewa, giza likaingia, nikafunga. Asubuhi niliamka nikiwaza kitu kimoja tu: mashindano. Maana na mimi nilikuwa najiandikisha, sikumwambia, nilitaka kumshtukiza. Nilikimbilia gari. Tukapita Kaberebere, dereva akasimama kununua ndizi, na mimi nikawa napanga karata mapajani kama mwanafunzi siku ya mtihani. Laini ya Mama Fundi haikunijia kichwani hata mara moja. Naapa. Ningeikumbuka ningeshuka.

Aliponiona mlangoni kwa Hajji alishangaa, akasema, "Tekniseni! Na simu?"

"Iko salama, Mama. Nimeacha mtu." Hilo nalo lilikuwa uongo, lakini nilipolitamka ndipo nilipokumbuka, na nikajiambia, aa, ni Jumamosi.

Tulikutana yeye na mimi kwenye duru ya nne, ile ya mwisho kabla ya fainali. Nilikuwa nimekwisha. Mnyama wangu mmoja amebaki, hana chakula, na zamu inayofuata angenimaliza. Kwenye fungu langu ilikuwa imebaki karata moja tu ya chakula kile nilichokihitaji. Hajji alisimama nyuma yangu anavuta tasbihi. Nikavuta. Ikaja. Mnyama wangu akala, akapiga, mchezo ukaisha.

Chumba kilipiga kelele. Mama Fundi hakupiga kelele, wala hakunung'unika. Aliweka mezani karata zilizobaki mkononi mwake, na mojawapo alikuwa yule samaki. Ingekuwa karata nyingine yoyote mahali pa samaki, Mama angenimaliza zamu iliyopita. Nikafungua mdomo kumuuliza swali nililolingoja miaka yote, akanitangulia. "Foti iko hapa," akasema, akamgusa samaki kwa kidole, akatabasamu. Hajji akasema, "Hapana, nyabo, hii ni bahati ya huyu ssebo." Na sijui mpaka leo nani alisema kweli. Fainali nilipigwa na mwanafunzi, upesi, bila heshima.

Jumatatu asubuhi nilimwekea betri mpya. Simu nilimpa ikiwa imezimwa, na aliiwasha mwenyewe mbele yangu, amesimama barazani na funguo za cherehani mkononi. Ikalia mara tatu, mfululizo. Meseji tatu. Alizisoma kwa midomo. Ofisi ilimtafuta Ijumaa jioni. Ofisi ilimtafuta Jumamosi asubuhi, aje Base Camp kabla ya saa sita, wageni wapo. Ofisi ilimtafuta Jumapili, wageni wanaondoka.

"Laini uliiweka kwenye ile simu ingine?" aliniuliza.

"Niliiweka."

"Na iliwaka?"

"Iliwaka, Mama. Siku zote. Labda netiweki. Netiweki ya huku unaijua."

Alinitazama. Nimewahi kutazamwa na polisi, na askari wa mpakani, na baba wa mke wangu, lakini sijawahi kutazamwa vile. Kisha akasema, "Sawa. Netiweki," akapanda bodaboda akaenda.

Ofisi haikumfukuza. Walimwandika kwa wageni wa awamu inayofuata. Lakini kabla awamu inayofuata haijafika, nchi ile ilisimamisha kupokea watu, na faili lake likarudi kabatini na mafaili ya wengine. Waliohojiwa Jumamosi ile, nawafahamu wawili, walikuwa wamekwisha kuruka.

Kuanzia hapo hakushika karata tena. Watu walimuuliza kilichotokea, na yeye, yule yule aliyemfanya kila mtu ataje kosa lake, alitaja lake. "Foti ni yangu. Niliacha ofisi, nikafuata karata." Alilisema barazani, alilisema kwenye kikundi cha akina mama, alilisema kwa Hajji aliyekuja mwenyewe mpaka Rwekubo kumpa pole. Kanisani lilihubiriwa, hatari ya michezo ya dunia, na Mama Fundi amekaa benchi la mbele anaitikia amina. Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Niliangalia viatu vyangu.

Na alilisema kwa binti yake. Hilo nililisikia kwa masikio yangu, maana sauti ya juu hakuizima. Yule binti alilia, kisha akasema, "Mama, miaka sita nakungojea. Weye ukaenda kucheza karata?" Mama Fundi akasema, "Njo hivyo, mwanangu. Unisamehe." Simu za Jumapili zikawa za Jumapili moja moja. Baadaye zikawa za Krismasi. Mimi upande wangu wa ukuta nilikuwa na bisibisi mkononi na simu ya mtu imefunguliwa mezani, na sikusema kitu. Miaka miwili, kila siku, sikusema kitu. Nilimletea maji. Nilimchajia simu kabla ya za wateja wote. Nilijifanya mwema, mshenzi mimi.

Moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikavimba, wakampeleka hospitali Mbarara. Nilikwenda kumwona Alhamisi, saa za kutembelea wagonjwa, na uji kwenye chupa. Alikuwa ameegemezwa mito, pumzi fupi, mikono juu ya shuka imekaa tu, na mimi mikono ile sikuwahi kuiona imekaa tu. Nikaketi. Nikasema yote, bila kupanga: droo, mteja, gari, netiweki. Nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka ukutani.

Aliningoja nimalize. "Minajua," akasema.

"Unajua?"

"Tangu siku ile. Laini ingekuwa inawaka kwako, zile meseji zingeingia kwako. Ziliingia kwangu, zote mara moja." Akapumzika. "Na netiweki ilikuwako. Yule mama wa kuuza samaki ndagala, jirani yetu, aliongea na Bujumbura Jumamosi muzima. Nilimuuliza."

Mimi fundi wa simu, na hilo halikuwahi kunijia. "Mama, kwa nini hukusema?"

"Nikisema, nani angekuachia simu tena? Bantu wote huku banangoja kupigiwa. Wangekufukuza Rwekubo, na weye uko na batoto."

"Lakini binti yako..."

"Mutoto anaweza kukasirikia mama yake. Haimuui."

Nikashika shuka yake. Nikamwambia, na leo naona aibu, "Mama, si ilikuwa bahati mbaya tu? Betri, mteja, wageni kuja siku hiyohiyo..."

Hapo akainua kichwa kwenye mto, na ukali wote wa barazani ukamrudia usoni. "Hapana. Usiniletee bahati. Ilikuwa foti, na foti ni yako. Foti naweza kukusamehe. Bahati nitaisamehe namna gani?" Akarudisha kichwa. "Nimekusamehe zamani. Sasa mimina uji."

Nilimimina. Nikamwambia nitampigia binti yake siku hiyohiyo nimweleze. Akatikisa kichwa. "Acha. Miye ninaondoka, hasira yake itaisha na miye. Ikikaa kwako, utakaa nayo siku mingi." Nikasema sawa, Mama. Na nitakuambia jinsi nilivyojisikia, kwa kuwa nimeahidi kutoficha: nilifarijika. Nilishuka ngazi za hospitali mwepesi. Mungu anisamehe, nilifarijika.

Alifariki Jumapili. Tulimzika Nakivale Jumanne mchana, kwenye udongo mwekundu, Hajji amekuja na kofia yake mkononi, akina mama wa kanisa wanaimba. Binti hakuweza kusafiri, kwa hiyo alizika kwa simu, kama wanavyozika wengi siku hizi. Na nani mwingine wa kushika simu kama si mtu wa simu? Niliishika juu ili aone. Uso wake ulikuwa mle kwenye kioo, amejifunga kitenge kichwani, nyuma yake dirisha jeupe, na mtoto mdogo anamvuta bega akiuliza kitu kwa lugha ya kule.

Wakateremsha jeneza. Akasema, kwa sauti ndogo, si kwangu, si kwa mtu: "Mama, karata zilikupa nini kuliko sisi?"

Nilitoka kwenye watu. Nilikwenda mpaka nyuma ya mchungaji, nikaigeuza simu kwangu, nikamwambia. Nilianza na betri. Nikataja droo, na laini ambayo sikuitoa, na uongo wa netiweki. Nikamwambia mama yake alijua na alibeba yeye, na kwamba alinikataza kusema. Nikamwambia kosa ni langu, si la karata wala la netiweki, ni langu.

Nyuma yangu nilikuwa nasikia udongo unaanza kuangukia mbao. Mtoto wake aliuliza tena, na yeye akamweka mapajani, akamwelekeza atazame kwenye kioo.

"Nigeuze," akaniambia. "Nirudishe kwa mama."

Nikarudi, watu wakanipisha, nikaigeuza simu, nikaishika juu kwa mikono miwili mpaka walipomaliza kufukia.